Mabati ya Duka la Mwisho

Katika miaka ile ya shida, wakati migodi ilipokuwa ikiwarudisha wanaume nyumbani, maduka ya barabara ya stesheni hapa Kamina yalifungwa moja baada ya lingine. Wenyewe, Wagiriki na Wareno, walipanda treni na kwenda zao. Nyasi zikafika vizingitini, mbuzi wakaingia, kisha watu wakaanza kuchukua: milango kwanza, halafu madirisha, halafu mbao za kaunta.

Duka la mwisho, karibu na bohari ya pamba, halikuguswa, kwa sababu dada mkubwa wa mama yangu alikuwa akiishi ndani yake.

Mume wake alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka lile. Alipokufa, mdogo wake alikuja kumrithi mjane, kama ilivyokuwa desturi yetu Waluba. Mama mkubwa alikataa. Baba yangu, mwalimu wa kanisa letu, alikuwa amehubiri kwamba mjane Mkristo harithiwi kama jembe, na mama mkubwa aliyashika maneno hayo. Shemeji akamtoa nje na mkeka na sufuria. Kwa ndugu zake mwenyewe wangemrudisha tu kwa shemeji. Kwetu baba alimkatalia, watu wasije wakasema mwalimu ameongeza mke. Basi akaingia dukani, akafagia mavi ya mbuzi, akawasha moto palipokuwa kaunta.

Kanisa letu lilikuwa la majani, na kila masika lilioza. Baba aliomba serikalini apewe mabati ya majengo yasiyo na mwenyewe, akapewa ya duka lile. Alimshukuru Mungu kwa machozi. Nami nilishukuru.

Tulikwenda kuyatoa wakati mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yamekwisha kujikusanya. Wanaume walipanda juu. Sisi wanawake tulikaa chini tukinyoosha kwa mawe misumari iliyong'olewa. Mama mkubwa hakutoka. Alikuwa akipika matembele. Shemeji yake, ambaye hakuwa hata msharika, alikuja kusaidia bila kuitwa, akafungua bati lililokuwa juu ya kichwa cha mama mkubwa.

"Mama, toka! Musumari itaanguka mu mboga yako!" mmoja wa wanaume aliita kutoka juu.

"Iache ianguke. Haina nyama, itakuwa na chuma."

Wanaume walicheka. Shemeji akainamia lile tundu.

"Ungeniitika minyi, leo ungelala mukavu."

"Na weye pembeni? Bora mvula."

Walicheka zaidi, na safari hii walimcheka yeye. Akang'oa bati la pili kwa hasira, vumbi na masizi vikamwagikia sufuriani. Mama mkubwa aliinua sufuria, akaitazama, akaimwaga nje. Kisha akamwendea baba yangu aliyeshika ngazi.

"Mwalimu, muniachie mbili tu, pale ku kona."

"Mama, ile kitu imekwisha kutolewa kwa Bwana. Mutu hawezi kuipunguza."

"Bwana iko na mbingu yote."

"Usikufuru."

"Minyi naomba kona, Mwalimu. Ni weye ulisema nisirithiwe."

Baba alishika ngazi kwa mikono miwili, akaanzisha wimbo, nasi tukaupokea. Tulipofika ubeti wa mwisho mabati yote yalikuwa chini.

Mvua ilinyesha siku zilizofuata. Kuta zile za matofali mabichi zilianza kuporomoka kama uji. Mama yangu alipompelekea dada yake ugali hakumkuta, ila moto uliozimwa na maji. Alikuwa amefuata reli kwenda Luena, na kutoka Luena mpaka Bukama, ambako wanawake wa mtoni walimpa kazi ya kukausha samaki.

Nimesali chini ya mabati yale ujana wangu wote. Mtoto wangu wa kwanza alibatizwa chini yake, akiwa mkavu, na Mungu ni shahidi kwamba nilishukuru kwa moyo wangu wote.

Mama alikwenda kumwona Bukama. Alimkuta amekonda, kikohozi kimemkamata, analala chini ya turubai. Aliporudi alitusimulia mezani, baba akiwapo.

"Aliniuliza kama kanisa inavuya. Nikasema ndiyo, pale Mwalimu anasimama. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, 'Aweke sufuria.'"

Baba aliendelea kula.

Jumapili mvua ilianza kabla ya mahubiri. Baba alipoanza kuhubiri tone likamwangukia begani, akasogea, jingine likaangukia Biblia. Mama aliinuka kutoka upande wa wanawake, akaenda nyumbani, ambako hakukuwa mbali, akarudi amelowa, amebeba sufuria yetu kubwa. Akapita katikati ya watu wote, akaiweka miguuni pa baba, akarudi kukaa. Baba akaendelea kuhubiri, na maji yakawa yanalia ndani ya chombo kile, ti, ti, mpaka Amina.