Mjamzito Hageuki Njiani

Nilikuwa bado mtoto wa darasa la pili, kwetu Kitura, nilipojua kwamba sauti yangu inaweza kumlemaza mtu. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijumlisha mwenyewe, kwa akili ile ile niliyojumlishia vijiti shuleni, na jibu nikakaa nalo miaka mingi.

Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu Benno. Baba alikuwa ameingia kwenye biashara ya mitumba, kama wanaume wengi wakati ule soko lilipofunguliwa na ushirika wa kahawa ukaanza kuyumba, na siku nyingi alikuwa sokoni Kitai. Nyumbani tulibaki na Bibi, mama yake Baba, mwanamke mwembamba asiyejua kukaa. Ulikuwa msimu wa ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani: wanaume hufyeka na kulaza majani, kisha wanawake huchimba na kuyafunika kwa udongo. Kwetu mwanamke alipimwa kwa ngoro zake, na mimba haikuwa sababu ya kuweka jembe chini. Bibi aliamini kwamba mjamzito anayekaa tu huzaa kwa shida. Aliamini na jingine, tena kwa nguvu zaidi: mjamzito akishika njia ya shamba hageuki mpaka afike. Akisahau kitu, atumwe mtu. Akigeuka yeye, mtoto naye anageuka tumboni, na atazaliwa akitanguliza miguu.

Muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia Mama vingine. Atembee kila siku na afanye kazi nyepesi, lakini kuchimba ngoro na kubeba kuni aache. Akisikia kizunguzungu, au tumbo likikaza, au akiona damu, aache hapo hapo, apumzike, na hali isipotulia aende zahanati. Mama hakupenda ugomvi, akawaridhisha wote wawili. Kila asubuhi alipanda mlima kama Bibi alivyotaka, lakini akifika alipalilia kidogo tu na kukaa kivulini. Bibi alinuna na kuchimba sehemu ya watu wawili.

Siku moja Bibi alitangulia, sisi tukafuata. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa na utelezi. Mimi nilibaki nyuma nikichezacheza, mpaka nikaanguka na kuchubuka goti. Damu ilikuwa kidogo, kelele ndizo zilizokuwa nyingi.

"Mama, rudi unichukue."

Akageuka. Namwona mpaka leo, mkono mmoja kiunoni, akishuka taratibu kunifuata. Alinifuta goti kwa kanga, akakaa juu ya jiwe akihema. Mwiko niliujua. Nikamwambia apande haraka, labda haitahesabika. Akacheka kidogo, kisha akashika tumbo. Akasema limekaza, leo tunarudi nyumbani.

Bibi aliporudi mchana alimkuta amelala, tumbo limeshatulia. Aliuliza swali moja tu, akimwita kwa jina langu, "Mama Osmunda, ulifika shambani?" Mama akajibu kwamba aligeukia njiani. Bibi hakumgombeza. Alinitazama mimi, au nilidhani ananitazama mimi, akaingia jikoni.

Wiki chache baadaye Benno alizaliwa hospitalini, akitanguliza miguu. Mama alipona na mtoto alipona, lakini katika kumtoa, mkono wa kulia wa Benno uliumia begani na haukupata nguvu tena. Kila jioni Bibi aliusugua mkono ule kwa mafuta na kusema, "Nilisema mimi." Hakunitaja, na wala hakuhitaji kunitaja.

Basi nikawa mkono wake. Nilimfunga vifungo vya shati, nikambebea madaftari, nikamchotea maji. Wenzake walipoanza kujifunza kufyeka, nilimnyang'anya panga mbele yao. Majirani walinisifu kwamba nina upendo. Kila sifa iliniuma, maana nilijua kinachonisukuma ni hatia, na kama upendo ulikuwepo, sikuwahi kuupa nafasi.

Miaka ikapita, nikaolewa, nami nikapata mimba. Sikutoka nje ya ua. Niliona kwamba nisiposhika njia, sitapata pa kugeukia. Mgongo ukakakamaa, usingizi ukapotea, mume wangu akadhani nadeka. Kliniki muuguzi aliniuliza kwa nini sitembei, nikajikuta nimemweleza yote. Hakunicheka. Alisema kutembea hakumgeuzi mtoto, wala kurudi nyuma. Watoto wengi huelekeza kichwa chini siku zikikaribia, wachache hawafanyi hivyo, wala si kwa sababu mtu aliwaita mama zao njiani. Mama yangu aliporudi nyumbani tumbo lilipokaza, alifanya sawasawa alivyofundishwa.

"Wewe tembea tu," akaniambia. "Ukichoka, geuka."

Kusikia ni rahisi. Benno alipokuja kunitembelea nilimwomba anisindikize matembezini, na tulipofika mbali kidogo kiuno kikaanza kunivuta. Akaona. "Dada, turudi," akasema. Nikasimama pale barabarani, miguu imekataa kugeuka. Ndipo nikamweleza: goti, kelele zangu, Mama akishuka mlimani. Nikalia na kumwomba anisamehe.

Benno alikuwa ameshakuwa mwanaume wa ndevu, mwenye kahawa zake anazozipalilia mwenyewe.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani unaniona siwezi kitu. Ndiyo maana niliondoka nyumbani mapema, Dada. Nilikwenda kujifunza kufyeka mahali ambapo hunioni."

Nilikuwa nimekuja na kosa la kumwita Mama, ambalo kumbe halikuwa kosa. Hili la pili, la kumfanyia kila kitu, sikuwahi kulifikiria hata siku moja, na hakuna muuguzi atakayeniambia si langu. Niligeuka, tukaanza kurudi polepole, nikipumzika kila nilipochoka. Mbele yetu tawi kubwa, ambalo halikuwepo tulipopita, lilikuwa limeangukia njia. Benno akainama kulisogeza ili nipite, na mimi, kwa shida kubwa, nikasimama nikamwacha alisogeze mwenyewe.