Mteremko wa Mama Ngazi

Watu wengine hupewa jina la utani kwa ajili ya kitambi, wengine kwa ajili ya mwendo wa bata. Yeye alipewa kwa ajili ya ngazi ya hospitali, ile ya mlango mkubwa, yenye vidato kumi na vinne, ambayo kila mgonjwa asiyeweza kutembea sharti apandishwe na watu wanne kama kabati. Mama Ngazi. Wauza mboga walimwita hivyo, na wapangaji wenzake, na hata watoto wasiojua jina lilikotoka. Miaka thelathini na moja aliitikia, maana jina la utani ukilikataa ndiyo kwanza linakomaa.

Zamani alikuwa mchora ramani katika ofisi ya msanifu majengo mmoja mwenye sifa zake. Msanifu alibuni, yeye akachora, mstari kwa mstari, akiwa ameinamia meza mpaka shingo ikapinda. Hospitali ilipokuwa bado karatasi, alichora ubavuni mwa ngazi njia ya mteremko, ndefu, yenye kona moja, ili machela na viti vya magurudumu vipite. Msanifu akaja na kalamu yake nyekundu, akaukata wote.

“Unanichafulia uso wa jengo,” akasema.

“Wagonjwa watapita wapi, bosi?”

“Wewe chora unachoambiwa.”

Akachora alichoambiwa. Jengo likafunguliwa, na ndani ya mwezi mmoja mji mzima ukaanza kulalamika. Baraza likaunda kamati. Msanifu akasimama mbele ya kamati, akakohoa kidogo, akasema mchoraji wake alisahau. Karatasi yenye wino mwekundu ikatafutwa kwenye jalada, haikuonekana. Kamati ikaandika “uzembe wa mchoraji” na kufunga kikao. Yeye akafukuzwa kazi wiki hiyohiyo. Msanifu, baada ya mwaka, akavishwa nishani.

Kupoteza kazi kulimuuma, lakini aliyemuuma zaidi alikuwa binti yake. Huyo alikulia chini ya jina lile, akataniwa shuleni mpaka akachukia kwenda, kisha, kwa ujeuri wa dunia, akawa muuguzi katika hospitali ileile. Kila siku aliona wagonjwa wakibebwa kwenye ngazi ya mama yake. Mama akijaribu kueleza habari za kalamu nyekundu, binti humkata kauli kwa upole: “Mama, yaishe. Kila mtu hukosea.” Upole ule ulimchoma kuliko matusi ya sokoni. Alitaka binti yake amwamini, basi. Na alitaka Msanifu aseme kwa kinywa chake mwenyewe, hadharani, kwamba ni yeye. Haya mawili aliyaweka rohoni pamoja na chuki nene, na wala hakuionea haya chuki hiyo.

Vitofali vya plastiki vilimjia kwa ajali. Aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akampa ndoo ya vitofali vya watoto, vyenye vinundu vya kushikana, avibane na kuvibandua mpaka vidole vipate nguvu. Vidole vikapona, ndoo hakuirudisha. Akajenga nyumba yao ya zamani. Akajenga soko, lenye paa la kufunuka. Mkono uliozoea rula haukuweza kujenga ovyo, kila kitu alikitolea vipimo. Kazi zake zikawekwa kwenye chumba cha kusubiri mazoezi hospitalini, wagonjwa wakawa wanasahau zamu zao kwa kuzitazama.

Ndipo daktari mkuu, mgeni aliyehamia mwaka uliopita na asiyejua majungu ya mji, akaja na ombi. Hospitali inaadhimisha kuzaliwa kwake. Wanataka wajengewe jengo zima kwa vitofali, likae ukumbini moja kwa moja. “Na atakayelifunua,” akasema kwa furaha, “ni msanifu wake mwenyewe. Mzee bado yupo, tena amekubali.”

Mama Ngazi alijikausha kama hakusikia vizuri. “Nitajenga,” akasema.

Akajenga kwa miezi saba. Sebule ikageuka karakana: makochi yalisukumwa ukutani, vitofali vikapangwa kwa rangi na ukubwa kwenye makopo ya maziwa ya unga. Alikadiria kinundu kimoja cha kitofali kuwa robo mita ya jengo halisi, jengo likatoka na urefu unaokaribia mita mbili. Madirisha mia mbili na kumi na mawili. Kila ghorofa liliweza kuinuliwa peke yake, ukalitazama ndani ukaona wodi, vitanda, hata sinki la kufulia. Ngazi aliijenga pia, vidato vyote kumi na vinne.

Wazo la kwanza alilokuwa nalo lilikuwa kuweka kimtu cha plastiki chenye suti, kikianguka kutoka kidato cha juu. Alikitengeneza, akacheka peke yake, akakiona cha kitoto, akakitupa. La pili lilikuwa kusimama siku ya sherehe na kupiga kelele. Hilo nalo alilitupa, kwa kuwa alikwisha piga kelele mbele ya kamati na hakuna aliyemsikia. Wazo la tatu lilimjia akisafisha vumbi, na likamkalisha chini.

Alimjua Msanifu. Alikaa naye ofisi moja miaka kumi na minane. Mtu yule alikuwa hawezi kupita mbele ya mchoro wenye kosa akanyamaza. Alisahihisha kadi za mwaliko. Alisahihisha mabango ya dukani, na mwenye duka akiwa mlangoni. Kwenye msiba wa mjomba wake mwenyewe alisimamisha shughuli ili jeneza liwekwe sambamba na ukuta. Akiona mstari asioukubali, mdomo wake hutangulia akili. Basi hahitaji kushitakiwa. Awekewe tu mbele ya macho kile alichokikata.

Mteremko ulimtoa jasho. Vitofali vina pembe, na mteremko hautaki pembe. Alipanga vitofali vyembamba, kimoja kila baada ya vinundu vitano, akavifunika kwa vibapa laini visivyo na vinundu hadi kidole kikateleza juu yake bila kukwama. Ukapanda polepole, ukapinda mara moja, ukafika mlangoni. Ulikuwa uleule wa kwenye karatasi iliyopotea.

Binti alipokuja kumtembelea aliuona. Akasimama na mkoba wake begani.

“Mama, hii haipo hospitali.”

“Najua.”

“Watasema nini? Kwanza ulisahau, sasa umeongeza. Mama, mimi nafanya kazi pale!”

“Niachie mwenyewe.”

“Ukinitia aibu kazini mara hii, sikanyagi tena hapa. Nakwambia kweli.” Na macho yake yalionyesha hatanii.

Mama hakuondoa hata kibapa kimoja.

Siku ya sherehe Msanifu alifika na bakora na suti ya kijivu. Alikuwa amepita themanini. Aliitazama ngazi, ngazi ikamtazama, na mwishowe wakaitwa wabebaji wanne, wakamkalisha kitini, wakampandisha. Alikuwa akipungia watu mkono njia nzima. Mama Ngazi alishuhudia kutoka mlangoni na kuona raha ambayo mtu mwema hapaswi kuiona. Hakuwa na haja ya kuwa mtu mwema asubuhi ile.

Ukumbini hotuba zikasomwa. Daktari mkuu akampa Msanifu kipaza sauti, pazia likavutwa, watu wakashangilia. Mzee akazunguka jengo polepole. Akasifu madirisha. Akasifu paa. Akapita mbele ya mteremko, akanyamaza, akaendelea. Mama Ngazi, aliyekaa safu ya nyuma, akajiinua kidogo kitini aone vizuri. Labda uzee ulikwisha mfundisha kunyamaza. Binti yake, amevaa sare karibu na ukuta, alikuwa akitazama sakafu.

“Basi, tumshukuru mgeni wetu,” daktari mkuu akaanza.

“Ngoja,” Msanifu akasema. Alikuwa amerudi mbele. Bakora ikanyooka. “Kazi nzuri, lakini hapa pamekosewa. Huu mteremko haupo.”

Hakuna aliyejibu. Ukimya ndio uliomharibu, maana yeye ukimya aliuona kama mwanafunzi ambaye hajaelewa.

“Haupo,” akarudia, sasa kwa sauti ya darasani. “Niliukata mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Nilimwambia yule binti aliyekuwa akichora, unanichafulia uso wa jengo. Sasa nani kaurudisha?”

Akacheka kidogo, akingoja wacheke naye. Wabebaji wanne, kiti bado kikiwa mbele yao, wakatazamana.

Aliyesema alikuwa muuguzi kando ya ukuta. “Mzee, samahani. Kwa hiyo kwenye ramani ulikuwepo?”

“Ulikuwepo, ndiyo. Nikaukata.”

“Na kamati uliiambia nini?”

Hapo akili ikaufikia mdomo. Msanifu akafunika kipaza sauti kwa kiganja, akatafuta mahali pa kutazama, na mahali alipopata palikuwa safu ya nyuma. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pale, mwenye mvi na shingo iliyopinda kidogo.

“Shikamoo, bosi,” Mama Ngazi akasema.

“Marahaba,” akajibu kwa mazoea, na hapo ukumbi wote ukamjua huyo binti aliyekuwa akichora.

Minong'ono ikapanda. Mzee mmoja aliyewahi kumbeba mkewe kwenye ngazi ile akaanza kuuliza maswali kwa sauti kubwa, na hakuonekana mwenye nia ya kukoma. Daktari mkuu alikuwa akigeuza karatasi ya ratiba huku na huku. Msanifu akaomba maji. Mama Ngazi hakusogea. Alitaka kuona kila kitu, hadi tone la mwisho la jasho. Alikuwa na furaha kubwa, ya moto, na alikusudia kuifaidi yote.

Binti akapita katikati ya viti, akafika mbele yake, macho yamejaa machozi.

“Mama, nisamehe.”

Ndilo neno Mama alilolisubiri kuliko hata lile la mzee, na sasa limekuja, akakuta kwamba hasira aliyoidhani ni juu ya mtu mmoja ilikuwa juu ya wawili.

“Nitakusamehe,” akasema. “Ila siyo leo.”

“Lini, Mama?”

“Miaka thelathini na moja hukuniamini. Nipe hata wiki mbili.”