Fungu la Mwenye Kugawa

Sisi tuliokulia Machame miaka ile hatukuhitaji kalenda kujua Krismasi imekaribia. Tuliijua kwa pua. Kuta zilipakwa chokaa mbichi, majani makavu ya mgomba yalichomwa uani, na ndizi za mbege zilichachuka kwenye pipa nyuma ya nyumba mpaka nzi wakalewa. Wajomba na mashangazi walifika kutoka Dar na Arusha, wanatembea kwa maringo na viatu vya mjini kwenye tope letu, na sisi watoto tulikimbilia mizigo yao. Si kwa upendo, jamani, tusidanganyane. Tulijua ndani mna biskuti.

Na nyuma ya jiko alikuwepo beberu. Alifungwa pale tangu mwezi wa kumi, anakula kuliko sisi, analetewa majani mpaka mdomoni. Tulimpa jina kila mwaka, tukamzoea, tukaapa kwamba safari hii hatutaonja nyama yake. Siku moja kabla ya Krismasi tulilia kwa sauti akipelekwa migombani. Saa mbili baadaye tulikuwa wa kwanza kwenye foleni, macho makavu kabisa.

Foleni yenyewe ndiyo ninayotaka kuisimulia. Kila ukoo una utaratibu wake, na wa kwetu ulikuwa huu: nyama haichotwi, inagawiwa. Baba alisimama na kisu chake kimoja, kile kile kilichochinja na kuchuna, mbele yake likiwa jani bichi la mgomba limepangwa mafungu. Jani lilishikwa na mtoto. Mtoto huyo nilikuwa mimi, Rogathe, kwa sababu nilikuwa na mikono mitulivu, au labda kwa sababu nilikuwa mbishi na Baba alitaka niwe mbele ya macho yake. Jani lilikuwa na joto la nyama, lilininginia katikati, na damu ilinitiririka hadi kwenye viwiko. Ole wangu niyumbe.

Baba aliita jina moja moja. Bibi kwanza, akapewa ini na nyama laini kwa sababu meno yalishamwacha. Mama, mgongo. Mjomba, shingo. Sisi watoto, mbavu. Ukiitwa unajibu "Nipo!" na unakuja na mikono miwili. Kaka yangu Godlisten aliwahi kunyoosha mkono mmoja, mwingine uko mfukoni. Baba akamtazama, akasema, "Huo mwingine umeuuza?" Mpaka leo kaka yangu akipokea hata chenji dukani anatoa mikono yote miwili.

Mwisho lilibaki fungu la Baba mwenyewe, kidari, nyama ya heshima. Lakini hakuligusa. Kwetu anayegawa hajigawii. Lazima aitwe na mtu mwingine, na asipoitwa, hali. Aliyekuwa akimwita ni Bibi, mama yake mzazi, na alimwita kwa jina lake la utotoni, lile ambalo sisi tungelitamka tungechapwa. Baba na ndevu zake zote alijibu "Nipo!" mbio mbio, sisi tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Bibi alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja. Krismasi iliyofuata mafungu yalikwisha, kidari kikabaki peke yake kwenye jani, na Baba akabaki amesimama na kisu. Mama anatazama chini, mjomba anajikohoza, hakuna anayejua afanye nini. Mikono ilikuwa inaniuma, nataka tu kutua jani. Nikapayuka, "Baba!" Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alifuta mikono kwenye kaptula yake, akasema taratibu, "Nipo," akainama mbele yangu, mimi mtoto mdogo, akapokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo kazi ya kumwita ikawa yangu. Niliifanya kila Krismasi mpaka nilipoondoka kuja Uingereza.

Miaka kumi na tisa sasa niko London. Nimerudi nyumbani mara tatu kabla ya msiba, zote mwezi wa saba, hakuna hata Krismasi moja. Mwanzoni karatasi zilikuwa hazijakaa sawa. Baadaye nikapata kazi ya kutunza wazee, na wewe uliye huku unajua: Krismasi wenyeji wanataka kuwa kwao, shifti tunashika sisi. Nikawa nasema mwakani. Mwakani na mwakani ikageuka kama salamu. Kila Krismasi nilimpigia Baba simu nikiwa mapumziko, nimekaa kwenye ngazi na sare yangu, namuuliza, "Baba, umekula?" Naye kila mara, "Nimeshiba, mwanangu. Nimeshiba kabisa." Nilikata simu na moyo mweupe. Nilimwamini, mjinga mimi.

Baba amefariki mwezi wa nane mwaka huu. Nilikwenda kuzika. Siku ya tatu baada ya mazishi niliingia jiko la zamani, lile la mafiga, nikimtafutia Mama kuni. Nikatazama juu darini, penye moshi, nikaona kifurushi kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Nyama kavu, nyeusi, ngumu. Nikamwuliza Mama hii ni ya nani. Akakaa kwenye kigoda kabla ya kunijibu.

"Ni kidari cha baba yako cha Krismasi iliyopita," akasema. "Kila mwaka anakiweka hapo. Pasaka ikifika anampa jirani. Mwaka huu Pasaka ilimkuta kitandani, mgonjwa."

"Kwa nini hali?"

"Nani amwite? Watoto wa Godlisten walishika jani, wakataka kumwita, akawakataza. Alisema wa kumwita yuko Ulaya, anakuja mwakani."

Nililia siku ile kuliko nilivyolia kaburini. Miaka kumi na tisa ananiambia ameshiba. Mimi nilichotakiwa kufanya ni kutamka neno moja tu, hata kwa simu, nikiwa nimekaa kwenye ngazi zile zile. Hakuniambia, na mimi sikukumbuka. Sijui hata kama ningeuliza vizuri angesema. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na mimi ni mtoto wake.

Basi juzi binti yangu Neema, aliyekulia hapa hapa tangu ana miaka mitatu, anayesikia Kiswahili chote na kunijibu Kiingereza, akaniambia anawaalika rafiki zake sita nyumbani kwetu Stratford siku ya Krismasi. Mwaka huu niliomba likizo mapema, baada ya msiba sikutaka shifti ya mtu. Neema akasema tusipike pilau, tuandae ubao wa jibini na nyama. Wazungu ndivyo wanavyokaribisha wageni siku za baridi. Nikasema haya, tuone.

Mungu wangu, kazi ile! Jibini aina tano, na kila moja na kisu chake. Lazima zitoke kwenye friji saa nzima kabla ya wageni, zipate pumzi. Moja ina ukungu wa bluu ndani. Enzi zetu ukiacha maziwa yafike hapo unachapwa, leo nimeyanunua na risiti ninayo. Nyama yenyewe imekaushwa, imekatwa nyembamba mpaka ukiiinua unaona taa ng'ambo ya pili. Neema alifungua video ya kumfundisha kuikunja iwe kama ua la waridi. Binti mzima, ana digrii, anakunja nyama robo saa huku ulimi uko nje! Kisha zabibu, tini kavu, njugu, asali kwenye kikombe, matawi ya rozimeri pembeni yawe kama msonobari. Nilimtania mpaka akanuna. Lakini ulipokwisha ulikuwa mzuri, lazima niseme ukweli. Nikainama kunusa ile nyama kavu, na moshi wake ukanirudisha kwenye lile dari. Nikajifungia bafuni kidogo.

Wageni hawajafika bado nikapiga simu nyumbani. Nilitaka jambo moja. Nilitaka nisikie Godlisten anavyoita majina, maana kisu sasa ni chake, na likibaki fungu la mwisho nimwite yeye, safari hii kwa simu, nisirudie kosa. Nilikuwa nimelifikiria hilo wiki nzima. Akapokea, nyuma muziki mkubwa.

"Dada Roga! Krismasi njema!"

"Na kwako, kaka. Mmeshaanza kugawa?"

"Kugawa nini? Tumeleta mpishi kutoka Moshi mjini, tumeweka bufee. Watu wanajichotea wenyewe siku hizi, dada, hakuna kuchoshana."

"Na Mama?"

"Kaletewa sahani yake pale alipokaa. Usijali."

Nikamwambia vizuri, mbarikiwe. Sikumlaumu. Ana wageni hamsini, na mimi niliye mbali sina mdomo wa kumfundisha mtu aliyebaki na wazee. Nikaweka simu juu ya friji.

Wageni walikuja, vijana wazuri, wana adabu, wananiita anti. Walitaka kuushambulia ubao mezani kama kawaida. Mimi nikauinua kwa mikono miwili, nikasema subirini, kwetu hatujichotei, tunaitwa. Neema akaona aibu. "Mama, tafadhali, si hivyo unavyoliwa." Nikamwambia ataniona mshamba siku moja tu, anivumilie. Nikawafundisha kujibu "Nipo" na kuja na mikono miwili, wakafurahi wenyewe, wakafanya kama mchezo. Nikaita mmoja mmoja, nikishika ubao kwa mkono wa kushoto na kuupakata kifuani, wa kulia unagawa. Nilimwita Neema wa mwisho. Alikuja na sahani kwenye mikono miwili, akasema "Nipo" vizuri kabisa, kwa sauti ya babu yake. Sikujua kama anayo sauti ile.

Ubaoni likabaki fungu moja. Lile ua la waridi la nyama, kipande cha jibini, zabibu mbili. Wageni walishakaa kwenye kochi wanakula na kucheka, muziki umewashwa. Nikabaki nimesimama. Mikono inauma kama zamani, ila sasa niko upande wa Baba, na mbele yangu hakuna mtoto aliyeshika jani. Sikumfundisha Neema sehemu hiyo. Miaka ishirini na mbili nimemlea, nimemfundisha kusali, kupika ndizi, kusalimia wakubwa, hiyo sikumfundisha. Ningeweza kumwambia pale pale, binti yangu, niite. Mdomo ulikataa. Nilielewa basi kwa nini na wa Baba ulikataa.

Enzi zetu kulikuwa na mbavu tatu za mbuzi na jina lako linatajwa mbele ya watu. Siku hizi chakula kimejaa meza, huku na nyumbani, na kila mtu anajihudumia. Watoto hawajui wanachokosa, na sisi tunaojua tulikuwa na shughuli nyingi.

Neema aligeuka, mdomo umejaa. Akaniona nimesimama na ubao.

"Mama, mbona huli?"

"Nimeshiba, mwanangu," nikamwambia. "Nimeshiba kabisa."

Akaniamini, akageukia wenzake.