Maji Nyuma ya Jiko la Madame

Tuliyasikia maji kwanza. Yalianguka nyuma ya jiko, yakanyamaza, yakaanguka tena kidogo kidogo, kama mtu anayeyakinga kwa kiganja. Tulikuwa sebuleni kwa Madame, karatasi zetu mapajani, naye akaacha kusoma katikati ya sentensi.

"Nani ameacha bomba wazi?"

Mimi nilijua halikuwa bomba lililosahauliwa. Nimekua nikiyasikia maji hayo. Kwenye cité, mtaa wa wafanyakazi wa kampuni, nyumba yetu na ya rafiki yangu zilishikana ukuta mmoja, na kila alfajiri baba yake, fundi wa reli aliyetoka Kasongo, alitawadha uani kwa birika. Mama yangu, Mkatoliki wa Kasai asiyekosa misa, hakuwa na saa. Akiyasikia maji yale alijua kumekucha, akaamka kuwasha makaa. Na tulipokuwa na ubatizo au matanga, baba yangu hakuchinja mbuzi mwenyewe. Aligonga ukuta: "Tata, kuya na kisu yako, batu bote bakule!" Jirani alikuja, akachinja, akaketi kula nasi. Hakuna aliyelipa jambo hilo jina kubwa. Kilikuwa chakula.

Rafiki yangu aliandika vizuri kuliko sisi sote. Madame, mke wa injinia Mbelgiji, ndiye aliyeanzisha mikutano yetu ya kusoma, na alikuwa amemwahidi kitu ambacho sisi wengine hatukuthubutu hata kukiota: mwaka mmoja wa masomo ya tamthilia huko Ubelgiji, akilala kwa dada yake Madame, katika chumba chenye meza mbele ya dirisha. Meza ile tuliizungumzia kama mchumba wake. Mama yake alikwisha kumfumia sweta nene, na kwenye joto la Oktoba akamlazimisha alivae mbele ya majirani wamwone, jasho likimtiririka hadi kidevuni.

Kwa kawaida tulikutana asubuhi. Juma lile sote tuliitwa kwenye salongo, kufyeka nyasi na kuzibua mifereji kwa amri ya serikali, basi mkutano ukasogezwa hadi alasiri. Na alasiri ina sala yake.

Madame alikwenda kwenye dirisha la jikoni, akarudi midomo imemkauka.

"Anainama kwenye nyasi zangu," akamwambia mumewe aliyeketi kando yetu, kama mtu aliyeona nyoka.

Wakati huohuo baruti ikalipuka kwenye machimbo ya Musonoi, vikombe vikalia kabatini. Madame hakupepesa hata jicho. Mlima mzima ulikuwa umepasuliwa karibu na mlango wake, na hilo alilizoea. Mtu aliyenawa miguu ndiye aliyemtetemesha.

Rafiki yangu akaingia na viatu mkononi, asije akachafua zulia.

"Kumbe wewe ni Mwislamu," Madame akasema.

"Ndiyo, Madame."

"Hukusema. Na jina lako..."

"Majina ya dini serikali ilituondolea sote, Madame. Na hawa pia."

"Nilikuona huli jamboni ya nguruwe, hunywi bia. Nilidhani ni Mkristo wa yale makanisa yenu makali. Nilikusifu mbele ya padri!"

Mmoja wetu, karani mpenda utani, akapasuka kicheko: "Kumbe tuliikala na shehe, na hatuyamuomba hata dua!" Rafiki yangu naye akacheka. Nilimwona anacheka, na moyo ukaniuma, kwa sababu alidhani mambo yangeishia hapo.

Madame aliketi, akalainisha sauti. Ulaini ule bado unanichoma. Si yeye, alisema. Yeye hana ubaguzi, sisi wenyewe mashahidi. Ni dada yake. Katika mtaa wa dada yake alianza kuja mchinjaji mmoja kutoka Moroko, kisha wakafungua chumba cha sala juu ya duka la viatu, na sasa ukienda kununua mkate unakuta wanawake wamefunga vichwa vyao. Wanakuja, hawajichanganyi na watu, wanazungumza lugha yao, wanataka kila kitu kama kwao. Dada yake anaogopa.

"Ananiogopa mimi, Madame? Hajaniona."

"Si wewe. Anaogopa wingi wao."

"Lakini mimi niko mmoja tu."

Nilitazama sebule ile. Jibini iliyoletwa kwa ndege. Nje ya ua, mtaa wao Wabelgiji, shule yao, bwawa lao la kuogelea ambalo mimi sijawahi kulitia hata kidole. Madame alikuwa na miaka mingi Kolwezi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru: lete, fagia, funga. Hakuwahi kula nyumbani kwetu. Watu hawa walikuja, hawakujichanganya, walizungumza lugha yao, walitaka kila kitu kama kwao. Na mama yangu hakuwahi kusema anawaogopa, ingawa alikuwa na haki yote.

"Iko njia," Madame akasema. "Usimwambie dada yangu. Huko usisali mbele ya watu. Ukiulizwa, sema ni Mkatoliki. Mwaka mmoja tu, kwa ajili ya kipaji chako."

"Itika, ndugu!" karani akamnong'oneza. "Mwaka moja njo nini? Mi balinitosha jina ya ubatizo, baliifuta, na Mungu hakukasirika."

"Weye balikutosha," rafiki yangu akajibu polepole. "Mi banataka nijitoshe mi mwenyewe."

Injinia akatazama saa yake. Madame akangoja, kichwa ameinamisha upande, kama anayemngojea mtoto ameze dawa. Niliiona meza ile mbele ya dirisha ikienda mbali, na najua yeye aliiona kuliko mimi. Akakaa kwenye ncha ya kiti, akavaa viatu miguu ingali mibichi, akafunga kamba.

"Naomba karatasi zangu, Madame."

Akampa. Nami nikasimama. Kifaransa nilichojivunia kikanitoka vipande vipande: "Nyama yote niliyokula utotoni ilichinjwa na baba yake, Madame. Mwandikie dada yako aniogope na mimi."

"Usikasirike," akasema. "Wewe unaweza kubaki."

Karani alibaki. Wengine walibaki, macho kwenye karatasi. Sisi wawili tukashuka ngazi, tukapita nyasi pale zilipolala kwa magoti yake. Nyumba ile mchana ilikaa wazi daima, upepo upite. Hatujafika getini tukasikia mlango unasukumwa nyuma yetu, kisha ufunguo ukizunguka mara mbili.