Mlango wa Uani

Mimi nikiingia mahali, lazima nikae ninauona mlango. Ndivyo nilivyo, siwezi kutulia. Jioni ile kwenye mgahawa wa Kariakoo nilikaa ninauona, na heri ningegeukia ukutani.

Tulikuwa wanne: mimi, mashoga zangu wawili niliokuwa nikipiga nao chapa ofisini, na mwanamume mmoja niliyekua naye nyumba moja ya kupanga pale mtaa wa Gerezani, ambaye mpaka leo ananiita dada. Mkewe alikuwa amejifungua juzi yake, mtoto wa kwanza, baada ya mimba mbili kuharibika. Mashoga zangu wakasema baba mtoto lazima tumlishe. Nikawaunga mkono huku nina wasiwasi.

Wiki zile mgambo walikuwa wanakamata watu wasio na kitambulisho cha kazi. Unasimamishwa njiani, huna, unapandishwa karandinga, unapelekwa kijijini ukalime. Na yeye kazi hakuwa nayo tena. Kiwanda kilikosa vipuri, wakapunguzwa, vitambulisho wakanyang'anywa. Aliniambia mimi peke yangu. Mkewe hakujua. Mpaka siku alipoingia hospitali kujifungua alikuwa bado anamfungia chakula kila asubuhi, naye anatoka kama anayewahi zamu.

Tukaagiza pilau na chai, sukari kila mtu kaja na yake kwenye karatasi, maana sukari mjini ilikuwa hadithi. Mashoga zangu wakamtania kwamba ale ashibe, usingizi ndio kwaheri. Alicheka, jamani, alicheka vizuri. Akampa mpishi chupa ya chai amjazie supu ya mzazi, yenye pilipili manga nyingi. Mimi macho yalikuwa mlangoni.

"Mbona roho juu leo?" shoga yangu akaniuliza.

Kabla sijajibu wakaingia mgambo wawili. Sikufikiri hata kidogo. Nikamkanyaga baba mtoto mguu chini ya meza, nikamnong'oneza, "Inuka, tupite uani."

"Dada, tulia," akasema. "Nikiinuka sasa ndio wataniangalia."

Maneno ya akili kabisa. Lakini mimi nikishaingiwa na wasiwasi siambiliki. Nikabeba chupa ya supu, nikamvuta mkono, tukakatiza jikoni, tukatokea uchochoroni.

Karandinga lilikuwa pale pale, limeegeshwa, watu wamejaa nyuma. Mgambo aliyekuwa akililinda akatuona tunatoka mbiombio.

"Mnakimbia nini? Vitambulisho."

Nikatoa changu. Yeye akajipapasa mfuko wa shati, wa suruali, tena wa shati, kama mtu aliyekisahau nyumbani. Nikasema mkewe yuko hospitali, amezaa juzi, mwacheni. Mgambo akajibu bila hasira kwamba kila mtu ana mke. Basi akapanda. Akiwa juu akaniangalia, akasema, "Wahi, supu isipoe."

Nilirudi ndani kuwaambia wenzangu. Wale mgambo wawili walikuwa wameketi meza ya jirani, wananawa mikono. Hawakuwa wamemuuliza mtu kitu.

"Mmekwenda wapi?" shoga yangu akasema. "Hawa wamekuja kula tu."

Nilijichukia. Sina neno jingine la kusema, nilijichukia, na njia nzima mpaka hospitali, Upanga, nilikuwa natembea nikijitukana mwenyewe.

Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha. Nikampa mlinzi shikamoo tatu, akanionea huruma, akanipitisha. Wazazi walilala wawili wawili kitandani siku hizo. Wifi yangu alikuwa upande wa dirishani, mtoto kifuani, kichwa chote nywele. Akaangalia nyuma yangu.

"Wifi, mwenzangu yuko wapi?" Halafu akajijibu mwenyewe, "Wamempa zamu ya usiku, eh?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimepanga kumwambia kweli. Nilipomwona vile nikashindwa. Nikammiminia supu. Akanywa taratibu, akasifu pilipili manga, akaniambia nimshike mtoto kidogo anywe vizuri.

"Nakutuma kwake," akasema. "Mwambie kesho asiombe ruhusa kwa ajili yangu, mimi sijambo. Siku hizi ukikosekana kidogo tu wanakufukuza, na ukifukuzwa unakamatwa."

Nikamwambia nitamwambia.