Weupe Chini ya Mawingu

Kazi yangu Midrand, kando ya Jozi huku kusini mwa Afrika, ilikuwa kupaka barafu rangi. Nikisema hivyo mtaani kwetu Mayfair baada ya swala, watu walicheka, maana Tanga tulikotoka barafu ni ile ya ubuyu, unaing'ata pembe kabla haijakuyeyukia mkononi. Mimi nilijiona mwanasayansi. Kidato cha nne chenyewe nilikipita kwa kubahatisha, na sasa teksi ikisimama kwenye robot, taa za barabarani, nilikuwa nawaza maziwa ya Kanada yanavyoonekana kutoka angani.

Satelaiti inapiga picha, sisi tunachora juu yake: palipoganda nyeupe, penye maji nyeusi. Inatoka ramani, na mtu wa kule anaifungua kwenye simu. Kaka yangu alikuwa kule, dereva. Majira ya baridi alikuwa anakata ziwa kwa gari, juu ya barafu, asilizunguke kwa barabara ndefu kwenda kazini. Ramani nilimtumia mwenyewe, kwa majivuno. Nikamwambia aiamini, mkono wa mdogo wake umo.

Mwezi wa nne mawingu yakalifunika ziwa lake. Jumatatu sikuona kitu, Jumanne vilevile. Msimamizi wetu, mama wa Kikongo aliyetuita sote watoto wake, alinikumbusha utaratibu: penye wingu unaweka rangi ya picha ya mwisho isiyo na wingu. Nikaweka nyeupe. Jumatano nikaweka tena, lakini roho haikutulia. Kwenye ile picha ya mwisho, pale mto unapoingia ziwani, barafu ilikuwa imeanza ukijivu wa kuyeyuka, kama wali uliolala. Nikamwonyesha mama. Akaitazama muda mrefu.

"Mtoto yangu," akasema, "wasiwasi haina rangi kwa hii kazi."

Saa nane mchana, kwao kunakucha, nilitoka nje kwenye ngazi nikampigia kaka. Injini ilikuwa inanguruma.

"Kaka, leo zunguka."

"Nizunguke nichelewe? Mwanasayansi wa Jozi, nimeangalia ramani sasa hivi. Nyeupe pe, kama kanzu ya Idi."

"Weupe huo ni wangu. Nimeunakili tu. Siku tatu sijaona kilicho chini yake."

Akaniuliza, taratibu, kama kuna siku nyingine nilizomchorea nisichokiona. Nikamwambia zipo. Nikasikia injini inazimwa.

Aliniita majina ya utotoni ambayo siyaandiki hapa, akazunguka, akafika kazini kachelewa, akasemwa.

Ijumaa mawingu yakapasuka. Kutoka kwenye ule mto ulikuwa umetoka ulimi mweusi, umelikata ziwa mpaka ng'ambo. Nikamtumia picha. Akajibu neno moja tu, Alhamdulillahi, na mimi machozi yakanitoka pale pale mbele ya kompyuta, bila aibu.

Lakini picha ilikuwa safi mno. Njia ya magari ilionekana kama uzi. Iliingia kwenye weusi upande mmoja, ikatokea upande wa pili. Siku nne ramani ilikuwa nyeupe kwa kila aliyeifungua, si kwa kaka peke yake. Namba yake ninayo. Za wengine sina.

Mama akapita nyuma ya kiti changu, akaona, akaniwekea mkono begani. Nikachagua nyeusi, nikaanza kupaka kuanzia pale uzi ulipokatikia.