Mazoezi ya Kupiga Goti

Mwaka ule madaraja ya katikati ya Stockholm yalivalishwa bendera za nchi ambayo mimi nisingeweza hata kuionyesha kwenye ramani. Rais wao alikuwa anakuja na mkewe kwa mwaliko wa Mfalme, na yale magazeti ya bure ya kwenye treni yaliandika wiki nzima habari za magari ya farasi, mizinga, na karamu ya kasri. Niliyasoma asubuhi nikienda kazini, nikayaacha kwenye kiti kama watu wote. Hayakunihusu. Nilikuwa na mgeni wangu mwenyewe nyumbani, na itifaki yake ilikuwa imeshanishinda.

Mgeni wangu alikuwa mama yangu mzazi, Mungu amlaze mahali pema. Alitoka Bukoba kwa viza ya siku tisini, akafika kwangu Bredäng, kitongoji cha Stockholm, na sanduku moja la nguo na jingine la vitu vya kula: senene wa kukaanga, kahawa ya kutafuna, na vifurushi vingine alivyovificha katikati ya kanga ambavyo sikuviulizia. Tulikuwa hatujaonana miaka kumi na miwili. Pale nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na binti yangu wa miaka tisa, aliyezaliwa hapahapa, anayekielewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiswidi. Miaka yote hiyo, kwa zile kadi za simu za kukwangua, nilikuwa nikimsimulia mama jinsi mjukuu wake alivyo na adabu. Nilitia chumvi. Nani asiyetia chumvi kwenye simu ya kwenda nyumbani?

Sasa kwetu mtoto wa kike hamsalimii bibi yake wima. Anapiga goti, anasema shikamoo, anangoja aitikiwe, ndipo ananyanyuka. Si adhabu wala si utumwa kama wanavyodhani watu wa hapa. Ni salamu, basi. Asubuhi ya kwanza binti yangu alipita sebuleni na mswaki mdomoni, akasema, "Hej, Bibi," akaendelea na safari yake ya bafuni. Mama akabaki ameunyoosha mkono nusu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikaanza vita. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilifoka, nikabembeleza, nikamnyima peremende zake za Jumamosi, nikamfungia televisheni. Mtoto akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini apige magoti. Hata mwalimu wake hampigii magoti, anamwita kwa jina lake, na mwalimu mkuu vilevile. Alisema kweli. Katika nchi hii "wewe" moja inamtosha kila mtu, kuanzia mzoa taka hadi waziri, na mtoto hawezi kujua adabu ambayo hajaiona. Lakini ukweli wa mtoto haunyamazishi hasira ya mama yake. Kila nilipomkaripia, mama yangu alisema kutoka kwenye kochi, "Mwache mtoto." Mimi nikaisikia hiyo "mwache mtoto" kama maneno ya mzee anayemeza uchungu wake. Nikaapa moyoni kwamba mama yangu hatapanda ndege kabla mjukuu wake hajamsalimia salamu ya kweli, na siku zilikuwa zinapungua.

Ndipo ikaja barua kutoka shule ya muziki ya watoto pale mtaani, mahali ambapo binti yangu alikuwa akiitesa fidla kila Jumanne. Siku ya pili ya ziara, mke wa rais angekuja na Malkia kuwasikiliza watoto wakipiga ala. Mtoto mmoja alitakiwa kumpa maua mke wa rais, na huyo mmoja alikuwa wangu. Kwa nini yeye, sijui. Si kwa ajili ya fidla.

Akatumwa mwanamke wa itifaki kuja kuwafunza, na sisi wazazi tukaalikwa kuketi nyuma. Alikuwa mrefu, amevaa koti la kijivu, ana karatasi yenye ratiba iliyogawanywa kwa dakika. Akaeleza kwamba mkono wa kuume ubaki mtupu, kwa sababu mgeni ndiye anayetangulia kunyoosha wake. Ukitoka mbele ya mgeni, unarudi kinyumenyume hatua mbili, humgeuzii mgongo. Malkia naye haambiwi "wewe". Unamwambia, "Malkia angependa kuketi?" ukiwa umesimama mbele yake hivi. Mimi pale nyuma nikajisemea, kumbe adabu wanayo, walikuwa wameifungia kabatini. Mwishoni akawafundisha kukunja goti kidogo, mguu mmoja nyuma ya mwingine, sekunde moja, unasimama. Binti yangu, huyuhuyu wa "hej, Bibi", akanyoosha kidole kuuliza goti lishuke kiasi gani. Nusura nianguke na kiti.

Tulipofika nyumbani akaanza kujikunja mbele ya kioo cha koridoni. Nikapandwa na hasira.

"Kwa hiyo mke wa rais usiyemjua unampigia goti," nikamwambia, "na bibi yako aliyemzaa mama yako unampita kama nguzo ya umeme."

"Lakini mama, ile ni itifaki," akanijibu kwa Kiswidi chake.

Hapo akili ikanijia. Nikachukua kiti cha jikoni chenye mgongo mrefu, nikakiweka katikati ya sakafu, nikamwita mama yangu aketi. Nikamwambia binti yangu kwamba kujikunja mbele ya kioo si mazoezi, mazoezi yanataka mtu. Bibi atakuwa mke wa rais.

Mama alilitazama lile goti la itifaki mara mbili, tatu. "Hiki ni nini?" akauliza. "Anakwepa kitu?" Kisha akanyanyuka, akaushika mlango wa friji kwa mkono mmoja, akashuka mwenyewe chini na umri wake wote, mgongo umenyooka, bila kishindo. Mtoto alikodoa macho. Ni mtoto anayependa kukifanya kitu mpaka akiweze, na hapo aliona kitu kigumu kilichofanywa vizuri. Akaomba aonyeshwe tena.

Kuanzia siku hiyo, wiki tatu, kila alipotoka shule palikuwa na mazoezi jikoni. Karatasi ya kufutia mikono ndiyo shada la maua. Bibi anaketi, mtoto anakuja hatua tano, anashuka kwa magoti yote mawili, macho chini, anainua maua, anasema kwa Kiswidi, "Karibuni kwetu." Mama yangu Kiswidi hajui hata herufi. Anaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," na mtoto ananyanyuka. Akinyanyuka mapema anarudishwa. "Hujaitikiwa," mama anamwambia, "unakimbilia wapi?" Mara kumi, mara kumi na tano, mpaka wote wawili wanacheka. Mimi nasimama kwenye sinki nasugua sufuria moja nusu saa, meno yote nje. Ningepewa siku moja ya maisha yangu ya Sweden niirudie, nisingechagua siku niliyopata uraia wala siku niliyopata funguo za nyumba. Ningechagua alasiri yoyote ya zile, na harufu ya ile kahawa ya mama kwenye mapazia.

Nilijua kwamba nimewadanganya wote wawili, mtoto akidhani ni itifaki, bibi akidhani ni salamu. Lakini nikajiambia goti ni goti. Na ili nisije kulaumiwa, nilimkumbusha mtoto kila usiku kabla hajalala kwamba siku yenyewe akunje kidogo tu, kama alivyofundishwa na yule mwanamke wa itifaki. Ndiyo mama, ndiyo mama.

Siku ikafika. Nilibadilishana zamu na mwenzangu, maana kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani kwao na wazee hawana sikukuu. Tukasimama nyuma ya kamba, mama yangu kavaa gauni la kitenge, juu yake koti langu la baridi, na juu ya kilemba kofia ya sufu. Polisi kila mahali. Magari meusi yakaja, mama akaniuliza farasi wako wapi. Nikamwambia farasi walikuwa jana, huko mjini. Alisikitika kidogo.

Mke wa rais akashuka, koti la rangi ya maziwa, na Malkia pembeni yake. Binti yangu akatoka kwenye mstari. Nikahesabu hatua zake, tano kamili. Akasimama. Kisha akaweka magoti yote mawili kwenye zulia, taratibu, mgongo umenyooka, akainua maua, akasema, "Karibuni kwetu." Akabaki hapohapo.

Mgeni akapokea maua, akatabasamu, akanyoosha mkono. Mtoto hakutikisika. Macho chini. Mgeni akasema neno kwa lugha yake, mkono bado umenyooka. Watu wote kimya, kamera tu zinalia. Yule mwanamke wa itifaki akawa anachezesha midomo, simama, simama, lakini mtoto hamtazami. Hapo nikaelewa. Wiki tatu nzima alikuwa amezoea kunyanyuka kwa neno moja tu, na katika umati ule hapakuwa na mtu wa kulisema. Mimi nilikuwa nalijua. Mimi ninayegombana na wakaguzi wa tiketi mpaka behewa zima linageuka, nilishindwa kufungua mdomo mbele ya wale wakubwa.

Mama yangu hakupaza sauti. Alitumia ileile ya jikoni. "Marahaba, mjukuu wangu."

Mtoto akanyanyuka, akaushika mkono wa mgeni, akarudi kinyumenyume hatua mbili kama alivyofunzwa. Mke wa rais akatafuta sauti ile ilikotoka, akamwona mama yangu na kofia yake, akamwinamishia kichwa. Watu wakapiga makofi. Mama akaniuliza kama tunaweza kwenda sasa, maana miguu inamuuma.

Hatujafika mbali, yule mwanamke wa itifaki akatufuata. Nikajiandaa. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu yote, ya adabu ya kwetu na adabu ya kwao, Kiswidi safi kabisa. Kumbe alitaka tu kujua lile neno ni neno gani. Nikamweleza. Akaniomba nimtajie herufi moja moja, akaliandika kwenye daftari lake, akanishukuru, akakimbilia ratiba yake. Hasira nzuri ikapotea bure.

Nyumbani nikachemsha chai. Mtoto akatoka kwenda uwanjani kujigamba kwa wenzake. Nikaketi mbele ya mama yangu nikiwa nimejaa kiburi. Zilikuwa zimebaki siku nne aondoke.

"Haya, Mama," nikamwambia, "mjukuu wako amekusalimia, na malkia ni shahidi. Sasa unaweza kupanda ndege."

Akakoroga chai yake.

"Umemsumbua mtoto bure," akasema. "Mtoto hajui. Ukimwonyesha anafanya, umeona mwenyewe. Niliyekuwa namngoja si yeye."

"Ulikuwa unamngoja nani?"

"Nilipotoka pale uwanja wa ndege ulinikumbatia, ukanipigapiga mgongoni. Nikasema, ni kwa sababu ya watu, atanisalimia tukifika kwake. Tukafika, ukanionyesha bafu. Nikasema amechoka, atanisalimia kesho. Kila asubuhi unasimama hapo mlangoni, viatu mkononi, unaniuliza nimelalaje. Karibu miezi mitatu sasa. Na ni wewe mwenyewe uliyenisimulia kwamba kazini unawapigia magoti wazee wa watu ukiwavisha soksi."

Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. Angefoka ningefoka. Niliitafuta hasira yangu nikaikosa. Nilitaka kumwambia habari za haraka za asubuhi, za suruali za kazi, za magoti yangu mabovu, za miaka kumi na miwili ya kuishi mahali ambapo hakuna anayepiga goti. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Nililia, sifichi.

Nikaiacha chai, nikaizunguka meza, nikashuka. Magoti yalilia kabla yangu. "Shikamoo, Mama," nikasema, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, sauti ya yule msichana aliyekuwa akitumwa chumvi kwa jirani. Mama akaniwekea mkono kichwani. Hakuitikia. Alinichelewesha makusudi, namjua, na mimi nikangoja na sakafu ya baridi chini yangu.

Mlango ukafunguliwa, binti yangu akaingia mbio kuchukua mpira wake. Akanikuta pale chini, uso umelowa.

"Mama, umeangusha nini?" akauliza, na kabla sijamjibu akapiga magoti pembeni yangu, akaingiza kichwa chini ya meza kunisaidia kutafuta.

Hapo ndipo mama yangu alipotuitikia.